Kiama cha Baiskeli Kimetabiriwa Tena

Mwaka 1816 watu wa Ulaya waliambiwa kwamba jua lingezimika tarehe 18 Julai. Utabiri huo ulitoka Bologna, Italia, ukasambazwa na magazeti hadi London na Paris, na wengi waliuamini kwa sababu mwaka wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kiangazi hakikuja. Mvua na baridi viliozesha nafaka mashambani, bei ya mkate ikapaa, na farasi walikufa au kuchinjwa kwa kukosa malisho. Wakati huo haikujulikana kwamba chanzo kilikuwa mlima Tambora wa Indonesia, volkano iliyolipuka Aprili 1815 na kutandaza angani utando uliopunguza joto la jua katika nusu ya dunia.

Julai 18 ilifika, ikapita, na jua likachomoza kesho yake. Karibu mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Juni 1817, Mjerumani Karl Drais alitoka mjini Mannheim akiwa amekalia ubao wenye magurudumu mawili. Alijisukuma kwa miguu yake mwenyewe, akaenda na kurudi mwendo wa kilomita zipatazo 14 kwa takribani saa moja. Mwanahistoria Hans-Erhard Lessing ameandika kwamba ni uhaba wa farasi uliomsukuma Drais kutafuta chombo kisichokula majani. Wapo wanaombishia. Kisichobishika ni mfuatano wa tarehe: babu wa baiskeli alianza kutembea barabarani mbele ya watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa wakisubiri mwisho wa dunia.

Tangu hapo baiskeli yenyewe imetabiriwa kufa mara kadhaa, na sasa inatabiriwa tena. Kwa miaka mitatu mfululizo habari za biashara hii zimekuwa za misiba: kampuni imefilisika, kiwanda kimefungwa, watu wamepunguzwa kazini, maghala yamejaa mali isiyo na mnunuzi. Anayezisoma mfululizo ataamini kwamba karakana zote ziko kimya. Ukweli ni kwamba mafundi wana foleni. Nimejiuliza kwa muda mrefu mambo haya mawili yanawezaje kuwa kweli kwa wakati mmoja, na jibu ninaloliona ni kwamba kiama cha biashara ya baiskeli huja kweli, tena mara kwa mara, lakini hakiwashukii wote. Huwa kinachagua.

Tuanze na hiki cha sasa. Ugonjwa wa korona ulipofunga dunia mwaka 2020, watu waliogopa mabasi na treni, na kumbi za mazoezi zikafungwa. Katika nchi nyingi za Magharibi maduka ya baiskeli yaliruhusiwa kubaki wazi kama huduma ya lazima, na katika miezi michache yakabaki na kuta tupu. Ujerumani peke yake iliuza baiskeli zaidi ya milioni 5 mwaka huo. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilifanywa na watu wenye akili timamu, kila mmoja akiwa na hoja yake.

Chukua mfano wa duka linalohitaji baiskeli 50. Mwenye duka anajua kwamba mwaka huu kila mtu ataletewa nusu ya alichoomba, kwa hiyo anaagiza 100. Kwa hofu, anapeleka oda hiyohiyo kwa msambazaji wa pili. Msambazaji naye anaona oda zimefurika, anaongeza chake juu. Kampuni yenye chapa inafanya vivyo hivyo. Oda inapomfikia mtengeneza gia na breki huko Sakai, Japani, haja ya mteja mmoja imeshaandikwa mara tatu au nne. Mtengeneza gia huyo ni Shimano, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921, na baiskeli nyingi za kati na za juu duniani haziendi bila vipuri vyake. Ikafika hali ya kusubiri baadhi ya vipuri zaidi ya mwaka mzima. Na baiskeli ikikosa mnyororo tu, au kiti tu, haiuziki, hivyo viwandani fremu zilizopakwa rangi zilining'inia zikisubiri kitu cha bei ndogo. Nauli za makontena zikapanda mara kadhaa. Machi 2021 meli ya Ever Given ikakwama Mfereji wa Suez kwa siku sita na kuziba njia ya bidhaa kati ya Asia na Ulaya.

Mali ilipofika hatimaye, mwaka 2022, mteja alikuwa ameshanunua. Baiskeli nzuri hudumu miaka kumi na zaidi. Aliyeinunua kipindi cha korona hakuwa na haja ya nyingine. Vita vya Ukraine vikapandisha gharama za maisha Ulaya, riba za benki zikapanda, na zile oda zilizoandikwa mara tatu zikageuka kuwa madeni ya kweli yenye tarehe za kweli za kulipwa. Mauzo ya Shimano yalishuka kutoka yeni bilioni 629 mwaka 2022 hadi bilioni 474 mwaka 2023. Ujerumani ilishuka hadi baiskeli milioni 3.85 mwaka 2024, na zaidi ya nusu ya hizo ni za umeme.

Kisha kampuni zikaanza kuanguka. VanMoof ya Uholanzi ilifilisika Julai 2023. Oktoba mwaka huohuo duka kubwa la mtandaoni la Uingereza, Wiggle, likawekwa chini ya msimamizi baada ya kampuni mama ya Kijerumani kuishiwa pumzi. Januari 2024 ikawa zamu ya Orange ya Halifax, Uingereza, ambayo baadaye iliokolewa. Desemba 2024 Rocky Mountain ya Canada iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwezi huohuo GT ya Marekani ikatangaza kusitisha kutoa baiskeli mpya. Julai 2025 ikafuata YT ya Ujerumani. Accell, kundi lenye chapa kongwe za Ulaya kama Batavus na Raleigh, lilinunuliwa mwaka 2022 na kampuni ya uwekezaji ya KKR kwa euro bilioni 1.56, wakati shangwe ikiwa kileleni. Tangu hapo limekuwa likipambana na madeni, na Februari 2024 chapa yake ya Babboe iliamriwa na mamlaka za Uholanzi kusitisha mauzo ya baiskeli zake za mizigo kwa sababu fremu zilikuwa zinavunjika. Wazazi walikuwa wakiwapakia watoto wao humo.

Hebu tuwaangalie waliobaki kazini. Kampuni ikipunguza theluthi ya watu wake, mabokesi ghalani hayapungui theluthi. Yanataka kuhesabiwa, kushushwa bei, kuhamishwa, kupigwa picha upya na kuuzwa kwa bei isiyolipa hata nauli ya kontena lililoyaleta. Mteja aliyenunua kwa kampuni iliyokufa bado ana dhamana mkononi na gurudumu linalolia, na anampelekea fundi wa duka la jirani, ambaye hakumuuzia. Baiskeli zilizonunuliwa kwa pupa mwaka 2020 zimefikia umri wa kubadilishwa minyororo, matairi na pedi za breki. Za umeme zinakuja na nyaya, betri na kompyuta ndogo ambazo fundi wa zamani hakufundishwa. Kwa hiyo mtu anaamka asubuhi, anasoma kwamba kazi yake imekwisha, halafu anaingia karakanani na kukuta foleni ya wiki nzima. Wengi wa mafundi hao hawalipwi mshahara mkubwa. Walichagua kazi hii kwa kuipenda, na mwajiri huliweka pendo hilo kwenye hesabu zake anapopanga malipo.

Kisa cha VanMoof kinafaa kutazamwa kwa karibu. Ilikuwa kampuni ya ndugu wawili, Taco na Ties Carlier, iliyoanza mwaka 2009 na kuuza takribani baiskeli 190,000 za umeme zenye sura ya kuvutia. Karibu kila kipuri kilikuwa cha kwao wenyewe, na kufuli ilifunguliwa kwa programu ya simu iliyotegemea mitambo ya kampuni. Ilipofilisika, wenye baiskeli walishikwa na hofu ambayo fundi wa Kahama, Tanzania, angeiona kama hadithi: mitambo ikizimwa, baiskeli niliyoilipia itakataa kunitambua. Washindani wao wa Ubelgiji, Cowboy, walitengeneza haraka programu ya kuwasaidia watu kuhifadhi funguo zao za kidijitali kabla mambo hayajaharibika zaidi. Kampuni ya Uingereza ikainunua VanMoof mwishoni mwa Agosti 2023 na huduma zikaendelea. Hata hivyo kwa wiki kadhaa maelfu ya watu waliona kwa macho yao kwamba baiskeli inaweza kufa bila kuharibika chochote, kwa sababu tu aliyeiunda hakutaka mtu mwingine aweze kuifungua.

Historia ina misiba mikubwa kuliko huu. Miaka ya 1890 Ulaya na Marekani zilipagawa na baiskeli. John Kemp Starley alikuwa ametoa Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yaliyolingana, na John Boyd Dunlop akasajili tairi la upepo mwaka 1888. Kila mwenye mtaji alifungua kiwanda. Mwaka 1899 Marekani ilikuwa na viwanda zaidi ya 300 vya baiskeli, vikitoa zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka. Mwaka 1904 vilibaki vipatavyo 100, na baiskeli zilizotoka zilikuwa kama robo milioni. Bei ziliporomoka, kampuni ziliungana kujiokoa na bado zikafilisika. Wenye ujuzi wa vyuma wakahamia kwenye magari, na ndugu wawili wenye karakana ya baiskeli mjini Dayton, akina Wright, wakahamia angani.

Lakini kuna kiama kingine katika kisa hicho ambacho wanahistoria wa baiskeli huko Magharibi hukipita haraka, na sisi hatuna haki ya kukipita. Tairi la upepo lilihitaji mpira. Mpira ulikuwa msituni, kwenye mitambaazi ya Kongo, na Kongo ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji viliwekewa kiwango cha mpira cha kupeleka. Visipokifikisha, wanawake walishikwa mateka, watu walipigwa risasi, mikono ikakatwa. Starehe ya Jumapili ya karani wa London ilipita kwenye msitu huo. Hata viwanda vya Marekani vilipoanza kufa, kiu ya mpira haikufa navyo, maana magari yalikuwa yanakuja. Mwekezaji alipoteza hisa zake akaanza upya kwingine. Mwanakijiji wa Équateur, huko Kongo, hakuwa na pa kuanzia.

Ndiyo maana nasema kiama huchagua. Kampuni ya Schwinn ya Chicago, iliyoanza mwaka 1895, ilikuwa fahari ya watoto wa Marekani kwa vizazi. Mwaka 1973 Wamarekani walinunua baiskeli milioni 15 hivi, na miaka miwili baadaye mauzo yakawa yameshuka kama nusu. Wafanyakazi wa Schwinn walipogoma mwaka 1980, kampuni ilihamishia kazi nyingi Taiwan, kwa kiwanda kichanga kilichoitwa Giant. Mwanzilishi wake, King Liu, alikuwa amewahi kufuga mikunga, kimbunga kikaliangamiza shamba lake, na mwaka 1972 akaanzisha kiwanda hicho Dajia, karibu na Taichung. Giant ilijifunza kwa kuitumikia Schwinn, ikaanza kuuza kwa jina lake yenyewe, na mwaka 1992 Schwinn ikafilisika. Nottingham, Uingereza, nako, Raleigh iliyokuwa ikitoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka katika miaka ya 1950 ilimaliza kazi yake ya kiwanda mwaka 2002. Taiwan yenyewe ikatabiriwa kifo: usafirishaji wake nje ulishuka kutoka baiskeli karibu milioni 10 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 4 mwaka 2003, kazi ikikimbilia China. Mwaka huo Giant na mshindani wake Merida walikubali kufanya jambo gumu, wakaungana na watengeneza vipuri wao kufundishana mbinu za uzalishaji walizojifunza kwa Toyota, na wakahamia kwenye baiskeli za bei kubwa. Walipona.

Kwetu Afrika Mashariki kiama cha baiskeli kilikuja kwa sauti ya injini. Tangu miaka ya 1960 vijana wa Busia walikuwa wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda, na kazi hiyo ikaenea hadi Kisumu, Kampala na miji mingi ya Kanda ya Ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na India. Serikali ya Kenya ikaziondolea kodi zile ndogo. Ndani ya miaka michache abiria akahama, na hakuna anayeweza kumlaumu: pikipiki inapanda mlima, inawahi hospitali, haimchoshi dereva. Waliotabiri kwamba baiskeli imekwisha walikuwa na ushahidi barabarani.

Nenda leo Shinyanga, Kahama au Tabora uone. Ardhi ni tambarare, jua ni kali, na baiskeli ziko kila mahali, wanawake kwa wanaume. Kilichobadilika ni kazi yake. Abiria alipoondoka, mzigo ulikaa. Magunia ya mkaa, madumu ya maji, maziwa ya alfajiri, mkate, nyanya, kuku waliofungwa miguu, samaki walioanza safari usiku: haya yote hayana haraka ya kulipia petroli. Madumu sita ya lita 20 ni kilo 120 za maji, na kuna vijana wanaozisukuma kutoka kisimani hadi mgahawani mara nyingi kwa siku. Mnoa visu wa mjini huisimamisha baiskeli yake kwa stendi, akahamishia mnyororo kwenye jiwe la kunolea, na akakanyaga pedeli palepale bila kwenda popote. Goma wana chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, inayoteremsha viazi na kuni kutoka vilimani, na mji huo uliisimamishia sanamu. Burundi, ambako vijana hushuka milima na mikungu ya ndizi mgongoni mwa baiskeli, serikali iliamua Machi 2022 kuziondoa baiskeli na pikipiki za biashara katikati ya Bujumbura, katika nchi ambayo miaka hiyohiyo imehangaika na uhaba mkubwa wa mafuta. Sijapata kuelewa hesabu ya uamuzi huo.

Nyuma ya kila mzigo kuna fundi. Kijiwe chake ni mti wenye kivuli, benchi, beseni la maji ya kutafutia pancha, pampu, boksi la spana, na rundo la vyuma ambavyo mwingine angevitupa. Tyubu iliyochoka kabisa hukatwa viraka vya kuzibia nyingine, au kamba za kufungia mizigo. Baiskeli hugeuzwa juu chini, ikasimama kwa kiti na usukani. Fundi huzungusha gurudumu, akaweka kidole gumba karibu na ringi, na mahali inapogusa ndipo ilipopinda. Hulegeza spoku za upande huu, akakaza za upande ule, robo mzunguko, akazungusha tena. Ataifungua habu, apange golori moja moja ndani ya grisi, abadilishe iliyopasuka. Ikija baiskeli ya mtumba kutoka Japani au Ulaya yenye gia 21, mara nyingi mwenyewe huomba gia zing'olewe, maana mnyororo mmoja ulionyooka hauna cha kumsumbua porini. Keria huongezewa nondo, fremu huchomelewa kipande pale uzito unapokaa. Baiskeli mpya ya chapa ya Phoenix inayoshushwa boksini huku bado haijawa tayari kwa kazi. Inapitia kwanza kwa fundi ili aikaze na kuiongezea mifupa.

Msimu wa fundi huyu haupangwi na maonesho ya baiskeli ya Taipei wala ya Frankfurt. Usukumani hupangwa na pamba. Ununuzi ukifunguliwa katikati ya mwaka, pesa huingia mikononi, na matairi yaliyokuwa yakivumiliwa tangu masika hubadilishwa yote kwa mpigo. Wiki hizo fundi hana saa ya kula. Mvua zikiharibu pamba, naye msimu wake umeharibika. Hicho ndicho kiama anachokijua, na hakina uhusiano na benki ya Amsterdam. Ushuru wa mji na kuhamishwa kijiwe bila kuonyeshwa mahali pengine humsumbua kuliko mauzo ya Shimano. Halmashauri nyingi huhesabu stendi za bodaboda na maegesho ya magari, lakini fundi baiskeli haingii hata kwenye ramani, ingawa soko zima la mji hula kwa mizigo inayopita mikononi mwake.

Lakini mkono wa kiwanda cha mbali humfikia kupitia ubora wa kipuri. Spoku dhaifu, tairi linalopasuka ubavuni, pedeli inayong'oka: hivi ni vitu vilivyotengenezwa na mtu aliyejua kwamba hatakutana na mteja. Hilo ndilo waliloliona watu wa World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 na F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya vipuri ya SRAM ya Chicago, pamoja na mkewe Leah, baada ya kupeleka baiskeli kwa waathirika wa tsunami Sri Lanka. Walipoingia Zambia waliona kwamba baiskeli zilizopo sokoni hazibebi kazi wanayopewa. Wakaunda Buffalo: nzito, spoku nene, breki ndani ya habu, keria ya kilo 100. Kisumu kuna karakana ya kuziunganisha. Na kilicho muhimu kuliko chuma chenyewe, walifundisha mafundi na kuhakikisha vipuri vinauzwa karibu na mwenye baiskeli. Toleo lao jipya lina minyororo miwili na halina waya wa gia hata mmoja. Mwendeshaji hubadili mwendo kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo. SRAM, inayowauzia wanamashindano gia zisizo na waya zinazoendeshwa kwa betri, ilishiriki kuibuni. Watu walewale, ujuzi uleule. Kumbe uwezo upo, ukitakwa.

Mafundi wa Marekani nao wameanza kudai kitu kama hicho. Mwaka 2022 walianzisha ombi dhidi ya baiskeli za bei ya kutupa zinazouzwa kwenye maduka makubwa, ambazo nyingi huvunjika na hazitengenezeki, wakitaka ziundwe ziweze kudumu angalau saa 500 za kuendeshwa. Sisi tungekuwa wa kwanza kutia saini. Septemba 2025 wakubwa wengi wa biashara hii walikuwa Kigali, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, wanaume wakipanda na kushuka kilomita 267 za vilima vya mji ule hadi Mslovenia Tadej Pogačar aliposhinda. Ilikuwa wiki ya fahari kubwa, na nililia machozi ya furaha kuona umati ule wa Wanyarwanda kandokando ya barabara. Natamani watengeneza vipuri waliokuwapo wangetoka pia kwenye njia ya mashindano, wakakaa saa moja na mafundi wanaowahudumia wabeba mizigo, wakapitishiwa mkononi kila kilichovunjika.

Wiki hiyohiyo ya Kigali, tarehe 24 Septemba, ilitoka habari nyingine. Forodha ya Marekani ilitoa amri ya kuzuia baiskeli na vipuri vya Giant vilivyotengenezwa Taiwan, kwa madai kwamba kuna dalili za kazi ya kulazimishwa kiwandani. Giant ilipinga ikasema itaomba amri hiyo iondolewe. Viwanda vya baiskeli vya Taiwan hutegemea sana vibarua kutoka Vietnam, Thailand, Indonesia na Ufilipino, na kwa miaka mingi imekuwa kawaida kibarua kukopa nyumbani ili awalipe mawakala ada ya kupata kazi, kisha akatumika muda mrefu kulipa deni hilo. Oda zilipokuwa zimefurika mwaka 2021, alifanya kazi za ziada usiku. Oda zilipokauka mwaka 2023, kazi za ziada zilikuwa za kwanza kukauka nazo, na deni la wakala halikupungua hata senti. Hapo ndipo makosa ya oda zilizoandikwa mara tatu yalipotua: kwa mchomelea fremu ambaye hakuagiza hata moja.

Giant imetangaza kwamba kuanzia Januari 2025 wahamiaji wanaoajiriwa upya hawatozwi ada ya ajira. Kampuni ndiyo inayoibeba. Ni hatua ya kweli, na ilipaswa kuchukuliwa zamani. Lakini sera hiyo iliandikwa kwa ajili ya wanaokuja. Waliokuwa kiwandani miaka ile ya shangwe, walioziunganisha baiskeli zilizojaza maghala ya Ulaya na zinazouzwa sasa kwa nusu bei, walishalipa. Wadai wa kampuni zilizofilisika wana mawakili na orodha mahakamani inayoonyesha nani alipwe kwanza. Vibarua hawa wanastahili kuandikwa juu kabisa ya orodha kama hiyo, na kila mwenye chapa aliyeuza baiskeli iliyopita mikononi mwao anajua fremu zake zilichomelewa wapi.